Kabichi moja, sufuria nne: ya kukaanga, ya nazi, ya dagaa au kachumbari?

Jirani yangu alifunua bakuli nililompelekea, akachota kidogo kwa vidole, akaniuliza: "Shoga, mbona kabichi yako haina maji? Yangu kila siku tunaila na mchuzi wake mweupe, mchuzi wenyewe hauna hata jina."

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Wote wawili tunanunua soko la Mgandini, hapa Tanga. Kabichi zenyewe zimeshuka kutoka Lushoto, pengine kwa lori moja na kutoka shamba moja. Yake inatoka jikoni imelowa, yangu inatoka kavu. Nikamwambia twende tukanunue kabichi moja kubwa, tuipasue mapande manne, kila pande tulipike kivyake, mchana huohuo, walaji walewale. Ukila ya nazi Jumapili na ya kukaanga Alhamisi, ulimi umeshasahau. Lakini zikiwa nne mezani kwa pamoja, hakuna pa kujificha.

Sokoni hatukukubali ya kwanza tuliyopewa. Kabichi ya Lushoto inalimwa kwenye baridi ya milima ya Usambara, inateremshwa kwa zile kona za Soni hadi Mombo, kisha inapita Korogwe na Muheza mpaka huku kwetu kwenye joto. Ikishinda siku mbili tatu kwenye joto la Tanga, majani ya nje yanalegea na muuzaji anayabandua. Siku ya tatu anabandua tena. Ukikuta kabichi nyeupe pepepe, haina hata jani moja la kijani, ujue imeshavuliwa nguo mara kadhaa. Si kwamba ni mbaya, lakini ni ya kupikwa leo, isingoje kesho. Tuliyoichukua ilikuwa na majani mawili ya kijani kwa nje, kikonyo chake kilipokatwa bado kulikuwa kweupe na kubichi, na ilipokaa kiganjani ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Kwenye mizani ya duka la unga pale karibu na nyumbani ilisoma kilo mbili kasoro kidogo.

Maji yanakwenda wapi

Kati ya kila gramu 100 za kabichi mbichi, gramu 92 hivi ni maji. Yaani kwenye kikapu chetu tulikuwa tumebeba zaidi ya lita moja na nusu ya maji, tena tumeyalipia. Maji hayo yamefungiwa ndani ya majani, na vitu viwili ndivyo vinavyoyafungulia: moto na chumvi. Moto kila mtu anaujua. Chumvi ndiyo inayowaponza wengi.

Jaribu hivi. Tia kiganja kimoja cha kabichi iliyokatwa nyembamba kwenye bakuli, nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, ifikiche kidogo, halafu nenda kaanike nguo. Ukirudi baada ya robo saa utakuta maji yamekaa chini ya bakuli na kabichi imelegea kama iliyopikwa, na jiko hujawasha. Jirani yangu alipoona hivyo alipiga makofi. Siku zote alikuwa akitia chumvi mwanzo kabisa, pamoja na kitunguu, kisha anafunika sufuria. Chumvi inayaita maji nje, kifuniko kinayazuia yasiondoke. Ule mchuzi usio na jina ulikuwa unatengenezwa hivyo.

Kwa hiyo tulipokuwa tunalinganisha, kila pishi tuliliuliza swali hilohilo. Ya kukaanga inayafukuza maji. Ya nazi inayachanganya na tui. Ya dagaa inayageuza rojo. Kachumbari inayaacha ndani ya jani mpaka dakika ya mwisho. Ukishaelewa hilo, mapishi yenyewe hayana ugumu.

Tulibandua majani ya nje, tukaipasua robo nne, tukazilaza kwenye beseni la maji yenye chumvi kwa dakika kama kumi. Hii si kwa ladha. Kabichi ina vijidudu na viwavi vidogo vya kijani vinavyojibana katikati ya majani, na maji ya chumvi huvitoa vikaelea juu. Vilitoka viwili, mwanangu wa mwisho akavihesabu kwa furaha kubwa. Ikiwa robo bado haijakatwakatwa, chumvi hiyo haipati njia ya kuingia sana. Suuza kwa maji safi, kisha weka kwenye chujio ichuruzike. Kuiosha baada ya kuikata nyuzinyuzi ni kosa la pili la jirani yangu (nilimwahidi nisiyataje yote). Maji ya kuoshea yanang'ang'ania kwenye kila uzi, na sehemu ya vitamini C, ambayo huyeyuka kwenye maji, inamwagwa uani pamoja nayo.

Kukata nako kuna mambo. Mama lishe wa Ngamiani hawatumii ubao. Anashika robo ya kabichi kwenye kiganja cha kushoto, kisu kirefu chembamba mkono wa kulia, anakipitisha juu juu kana kwamba anainyoa, nyuzi zinadondoka kwenye beseni nyembamba kama za kushonea, na yeye macho yako kwa mteja. Nilijaribu mwaka fulani nikajikata dole gumba. Mie natumia ubao wangu.

Ya kukaanga

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayopikwa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kwa robo moja ya kabichi tulitumia vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, kitunguu kimoja, punje mbili za thomu, karoti moja ndogo iliyokunwa, nusu ya hoho, na bizari ya manjano ya kutosha kubadilisha rangi tu. Nyanya hatukutia. Najua hapa nitagombana na watu. Nyanya ina maji mengi kama kabichi yenyewe, ukizitia mbili umepika mchuzi wa nyanya wenye kabichi. Kama nyumbani kwako hawali bila nyanya, tia moja, tena mapema, uikaange na kitunguu mpaka ikauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni, ndipo kabichi iingie.

Moto uwe mkali. Kwenye jiko la mkaa usibandike sufuria mpaka makaa yote yawe mekundu. Kwenye gesi, fungua yote. Kitunguu kikishalainika, thomu, kisha karoti na bizari, kisha kabichi yote kwa mara moja, na hapo mkono usitue. Geuza, geuza. Sufuria iwe pana, isifunikwe kabisa. Ule mvuke unaouona unapanda ndiyo yale maji yanayoondoka, usiyarudishe. Dakika nne au tano zinatosha. Hoho inaingia dakika ya mwisho, na chumvi ukishaanza kunyoosha mkono kuipua. Ikiwa bado inalia kidogo kwenye meno, imeiva.

Tatizo la pishi hili ni wingi. Robo moja kwenye sufuria pana inakaangika. Kabichi nzima kwenye sufuria hiyohiyo haikaangiki. Moto unazidiwa, majani ya chini yanatoa maji kabla ya ya juu hayajapata joto, na mwisho umechemsha. Ukiwa na watu kumi, kaanga mara mbili tatu, kila mafungu peke yake, uyachanganye mwishoni. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Ya nazi

Hii ndiyo niliyokulia nayo, kwa hiyo mizani yangu imeinama kidogo upande wake. Tanga, Muheza na Pangani minazi haiishi machoni, na mwanamke wa huku anayepika mboga bila nazi wiki nzima ataulizwa kama anaumwa.

Kabichi hapa haikatwi nyuzi. Ikate vipande vipana kama upana wa vidole viwili, kwa sababu itakaa motoni muda mrefu zaidi na nyuzi zitapotea kabisa. Tulikuna nazi moja kwenye mbuzi, tukakamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Hilo ndilo tui zito, wengine huliita kasimele, liweke pembeni. Kisha tukakamua mara ya pili kwa nusu kikombe tu. Zamani nilikuwa nakamua la pili kwa vikombe viwili kama ninavyofanya kwa maharage, nikawa najiuliza mbona mboga ya kabichi haishiki kama ya mchicha. Maharage makavu yanakunywa maji, kabichi inayaleta. Kila tone unaloongeza linakuja kuungana na ya kwake.

Kuna hatua moja ambayo vitabu vya mapishi huiruka na ndiyo inayoleta tofauti. Kabla ya kutia tui lolote, weka kabichi peke yake kwenye sufuria kavu juu ya moto wa kati, bila mafuta wala maji, uigeuzegeuze dakika tatu nne mpaka inyauke na mvuke wake wa kwanza uondoke. Usiiache ikashika chini. Ndipo utie kitunguu, nyanya moja, bizari ya manjano, chumvi na tui jepesi, pamoja na pilipili mbuzi moja nzima inayoelea bila kupasuka. Mwambie kila anayepita jikoni asiiguse. Ikipasuka, chakula cha watoto kimekwisha.

Tui jepesi likishapungua na kabichi ikalainika, punguza moto, mimina tui zito, na hapo ukoroge taratibu bila kuacha. Tui likiachwa lichemke kwa nguvu litakatika, mafuta kivyake na maji kivyake, na halirudi. Likianza tu kutoa mapovu madogo pembeni, ipua. Mama yake jirani yangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akitusimamia bila kuombwa, aliamuru "Toeni!" sekunde kumi kabla sijawa tayari. Alikuwa sahihi.

Ukiweka hizi mbili bega kwa bega, tofauti yake si ladha tu. Ya kukaanga, tangu kisu mpaka mezani, ilituchukua robo saa. Ya nazi ilichukua dakika arobaini na zaidi, nusu yake ikiwa ni kukuna na kukamua. Ya kukaanga inabaki na sauti mdomoni. Ya nazi ni laini, haihitaji meno. Ya kukaanga inahitaji chakula chenye rojo pembeni, mfano wali na maharage, au samaki wa mchuzi. Ya nazi yenyewe ndiyo rojo: inatosha na ugali mtupu, na kwa bada, ule ugali wetu wa unga wa muhogo, sijaona mboga ya bei ndogo inayoishinda. Bada inateleza na inataka kitu cha kuchovya. Ukiipa kabichi ya kukaanga, inakwama kooni.

Na kuna suala la kesho. Tulibakiza kidogo ya kila moja makusudi, bila friji, kama watu wengi wanavyoishi. Asubuhi ya kukaanga ilikuwa salama, imelegea kidogo. Tuliipasha moto tukala na chapati. Ya nazi ilikuwa imechacha. Kwa joto la huku, mboga ya nazi ni ya mlo mmoja, la sivyo ichemshwe tena usiku kabla ya kulala, na hata hivyo tui lake likichemshwa tena hukatika.

Ya dagaa

Hapa nitakuwa mfupi maana kanuni zimeshapita. Tulitumia dagaa mchele wakavu, kikombe kimoja. Tukawatoa vichwa, tukawaosha kwa maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga, tukawakausha, tukawakaanga kwenye mafuta mpaka wakawa wakavu wa kukatika, tukawatoa. Kwenye mafuta yaleyale tukakaanga kitunguu na nyanya mbili (ndiyo, hapa nyanya ruhusa), kisha kabichi iliyokatwa unene wa wastani, tukafunika dakika tano. Kufunika hapa si kosa: tunayataka yale maji, yapike nyanya yawe rojo la kushika ugali. Dagaa wanarudi sufuriani mwisho kabisa, na ndimu nusu juu yake. Wakirudi mapema wanalowa na harufu yao inaitawala nyumba yote.

Onja kabla ya kutia chumvi. Dagaa wengine wanakuja na chumvi yao, na mimi nimeshawahi kulisha watu bahari.

Ukilinganisha na zile mbili za mwanzo, hii ndiyo pekee inayosimama kama mlo bila kuhitaji maharage wala samaki pembeni. Kabichi peke yake ina protini ndogo sana, kama gramu moja na ushee kwenye gramu 100. Anayekula ugali na kabichi tupu siku tano mfululizo anashiba bila kujengeka. Dagaa wanaliziba hilo pengo kwa fedha kidogo. Nyama ya kusaga nayo hufanya kazi hiyo, na watoto wanaipenda zaidi, lakini hapo tumeshatoka kwenye mapishi ya katikati ya mwezi. Uduvi wakavu nao ni wazuri, hasa ukiwatia kwenye ile ya nazi badala ya hii.

Kachumbari

Robo ya nne haikuona moto. Ilikatwa nyembamba kuliko zote, na hapa ndipo nilipotamani mkono wa mama lishe wa Ngamiani. Kitunguu kimoja tulikikata duara, tukakifikicha kwa chumvi, tukakisuuza kupunguza ukali. Karoti ikakunwa. Nyanya moja ngumu, pilipili mbuzi chembe. Ndimu na chumvi hatukutia mpaka sahani zote ziko mezani na watu wameshanawa mikono. Kumbuka lile bakuli la chumvi na robo saa: kachumbari iliyotiwa chumvi saa nzima kabla ya wageni kufika ni kabichi iliyolala kwenye dimbwi.

Kuna wanaotaka iwe laini, kama ile inayolazwa kando ya chipsi. Hao waitie chumvi mapema, waikamue kwa mikono miwili, wamwage maji, kisha watie ndimu. Ni pishi tofauti kabisa, na si baya. Linakaa vizuri ndani ya chapati. Ubaya ni kwamba kilichokamuliwa hakikuwa maji matupu.

Kwa upande wa afya, hii mbichi inazishinda zote tatu kwa vitamini C. Gramu 100 za kabichi mbichi zina miligramu 36 hivi, na mtu mzima anahitaji kati ya 75 na 90 kwa siku, kwa hiyo bakuli moja zuri, pamoja na ndimu yake, limefanya kazi kubwa. Moto hupunguza vitamini hiyo, na muda unavyozidi ndivyo inavyopungua. Hapo ya kukaanga ya dakika tano inaipita ya nazi kwa mbali.

Lakini mbichi ina masharti. Iwe imeoshwa kwa maji safi. Kipindi cha kipindupindu mimi huiacha kabisa, au naiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Na kwa wazee na wenye matumbo mepesi, kabichi mbichi inaleta gesi: ina sukari ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya, ikifika chini bakteria wanaifanyia sherehe. Mama yake jirani aliisukuma sahani pembeni kwa kidole kimoja, akasema, "Hiyo wapeni wenye nguvu."

Ya kuchemsha hatukuipika siku ile, ila nimeulizwa baadaye. Nilisoma shule ya bweni ambayo jina lake nitaliacha, na kila jioni kabichi ilikuwa imechemka tangu saa tisa. Ukiingia tu langoni unaijua. Harufu ile ni ya salfa. Kabichi inayo tangu shambani, imejificha, na kadiri unavyoendelea kuichemsha ndivyo inavyofumuka. Kabichi iliyopita kwenye mvuke dakika tano, ikatiwa chumvi na tone la mafuta, hainuki na inamfaa mgonjwa. Iliyochemka saa mbili haimfai mtu yeyote, na mimi nilichukua miaka kumi kuisamehe kabichi kwa dhambi ya mpishi.

Sasa wewe upike ipi?

Walaji wetu walikuwa wanane. Ya nazi ndiyo iliyoisha kwanza, sufuria ikafutwa kwa ugali. Lakini nilipoangalia nani alikula nini, picha ilibadilika. Wazee na mume wangu walikuwa kwenye ya nazi. Watoto waligawana kachumbari na ya kukaanga, na mmoja aliwachagua dagaa mmoja mmoja akaacha kabichi yote sahanini. Jirani yangu alirudi kwenye ya kukaanga mara tatu, nadhani kwa ajili ya kuhakikisha kwamba kweli haina maji.

Kwa hiyo mimi simuulizi mtu "unapenda ipi?" Namuuliza kwanza mezani kuna nini kingine. Kama kuna maharage, kunde au samaki wa mchuzi, kaanga. Ukipika ya nazi na maharage ya nazi siku moja, vyakula vyote viwili vinasema neno lilelile. Kama kuna pilau, mishkaki, samaki wa kukaanga au chipsi, kachumbari haina mpinzani, kwa kuwa chakula cha mafuta kinataka kitu kichachu na baridi pembeni. Kama hakuna kitu isipokuwa ugali, chagua kati ya nazi na dagaa, na hapo mfuko na saa ndivyo vitakavyoamua. Umerudi kazini saa kumi na mbili, watoto wanalia njaa? Usianze kukuna nazi. Dagaa wanakaa kopoani mwezi mzima wakikungoja.

Nishati nayo ihesabu. Mwenye mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 anajua kila dakika inavyouma, na ya kukaanga ndiyo inayotumia dakika chache zaidi katika zile zinazopikwa. Lakini mwenye jiko la mkaa hesabu yake ni kinyume: ukishawasha makaa kwa ajili ya maharage, kile kimoto kinachobaki mwishoni ni dhaifu kwa kukaanga na ni kizuri kabisa kwa kumalizia tui. Mkaa unaokufa unapika ya nazi vizuri kuliko gesi, nasema hivyo bila aibu. Jirani yangu ana gesi, mimi nina vyote viwili, na siku ile ya nazi tuliipeleka kwangu uani kwa sababu hiyo.

Halafu iangalie kabichi yenyewe. Ile ngumu, nzito, iliyofika jana, ipe heshima ya kachumbari au ya kukaanga. Ile iliyovuliwa majani mara tatu, imelegea kidogo, ipeleke kwenye nazi au dagaa. Huko ulaini si aibu. Na ukinunua moja kubwa kwa familia ndogo, usiipike yote kwa siku moja. Kata robo unayoihitaji, iliyobaki ifunge kwenye karatasi, uso uliokatwa uelekee chini, uiweke mahali penye kivuli. Siku mbili tatu itangoja. Ukikuta ule uso umeingia weusi, parua kidogo tu, ndani ni nzima.

Kikabaki kile kigogo cha katikati, ambacho watu wengi hukitupa kwa kuku. Tulivimenya vipande vyote vinne mpaka kufika kwenye nyama yake nyeupe, tukavikata vijiti, tukatia chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Vilikuwa vitamu kama muhogo mbichi. Mezani havikufika. Tulivimalizia jikoni, mimi na shoga yangu, tumesimama, huku mama yake anauliza kutoka mkekani tunatafuna nini.